Kijiko Kimoja Kila Chupa

Mimi napenda nyanya. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani niligombana na mkwe wangu kwa kitu cha kipuuzi. Mboga isiyo na nyanya kwangu ni maji ya kuoshea sufuria. Marehemu mume wangu, Thadei, alizoea kunitania kwamba nikifa nizikwe bondeni kwenye bustani, niendelee kuzila kwa chini. Lakini yeye ndiye aliyetangulia. Alifariki mwezi wa pili mwaka wa tisini na sita, Jumapili asubuhi, akiwa anafunga vifungo vya shati aende kanisani.

Jana yake, Jumamosi jioni, alikuwa amekula kwa Kabula.

Kabula ni mke wa mwanangu Amosi. Ni Msukuma, baba yake, Machibya, alihamia Usevya na ng'ombe wake miaka ile wenzake wengi walipokuwa wakishuka kutoka kaskazini. Nyumba yao na yangu ziko kwenye uwanja mmoja hapa Majengo, Mpanda, na jiko lake linatazamana na mlango wangu. Amosi hufanya kazi ya nyuki huko Ugalla, nyumbani huonekana mara moja kwa mwezi akinuka moshi. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wanawake wawili pamoja na mjukuu wangu Lusia, wa miaka mitatu, aliyekuwa akila kwangu kisha anaenda kula tena kwa mama yake.

Daktari alisema ni presha. Nilimwelewa vizuri, hata nikamshukuru. Lakini wifi yangu Marsela, dada wa marehemu, alisema neno moja tu matanga yalipokwisha: "Alikula wapi mara ya mwisho?" Neno hilo likanikaa kifuani. Toka siku hiyo sikula tena chakula cha Kabula. Akileta sahani, nasema nimeshiba. Akileta uji, nasema tumbo linaniuma. Sikumgombeza hata siku moja. Tulisalimiana, tulichota maji pamoja, tulisukana nywele. Chakula tu ndicho kilichokuwa hakipiti, na yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Mwezi wa nane nyanya zilifurika Mpanda. Wenye bustani za mabondeni walizileta sokoni kwa matenga, zikaoza, mbuzi wakazila. Halafu mvua zikianza hupati hata moja. Basi bibi maendeleo wetu, Immaculata, akatuita wanawake kwenye ukumbi wa parokia, siku mbili, atufundishe kupika sosi ya nyanya na kuihifadhi kwenye chupa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kupika. Unachovya nyanya kwenye maji moto, unazimenya, unazikatakata na vitunguu, vitunguu saumu na pilipili mbuzi, unachemsha taratibu mpaka zinakuwa nzito, unatia chumvi na maji ya ndimu ya kutosha. Kabula alikuwepo. Siku ya pili ilikuwa ya kuhifadhi, na Kabula hakuja kwa sababu Lusia alishikwa na homa. Mimi nilikaa benchi la mbele.

Immaculata alionyesha jinsi ya kuchemsha chupa, kumimina sosi ikiwa bado ya moto mpaka shingoni, kukaza kifuniko, na kuzichemsha tena chupa zikiwa zimesimama juu ya kitambaa ndani ya sufuria kubwa. Mwisho kichwa cha chupa kinachovywa kwenye nta iliyoyeyushwa. Kisha akasema, "Mama zangu, chupa mkishaifungua, imefunguliwa. Muile, ndani ya siku tatu muimalize. Msije mkaifunga tena mkadhani mmeweka akiba. Nimesemaje, mama Amosi?" Na mimi nikarudia neno kwa neno, wenzangu wakanipigia makofi.

Nilipofika nyumbani Kabula aliniuliza walichofundishwa wenzake. Nikamweleza yote, kuchemsha, kumimina, nta. Hilo la mwisho sikulisema. Naapa siku hiyo sikuwa na nia mbaya, lilinipita tu. Nasema hivyo kwa sababu yaliyofuata siwezi kuyasemea hivyo.

Amosi alikuwa ameleta nta kutoka Ugalla. Kabula akapika sufuria moja kubwa, siku nzima, macho yamemwiva kwa moshi na pilipili. Zikatoka chupa kumi na mbili. Sita akaziweka kwake. Sita akazipanga kwenye beseni, akazifunika kwa kanga safi, akavuka uwanja akaja mlangoni kwangu. Akapiga goti kama wanavyofanya kwao.

"Mayu," akasema. Huniita hivyo, ndiyo mama kwa Kisukuma. "Hizi za kwako. Za kulia masika."

Sasa huku kwetu mtu akikukaribisha kitu huonja kwanza mbele yako. Pombe ikiletwa, mwenyeji hupiga funda la kwanza. Sahani ikiletwa, aliyeipika humega kidogo akatia mdomoni. Hakuna anayekasirika, ni adabu, ni kumtoa mgeni wasiwasi. Na Kabula alikuwa na wasiwasi mkubwa wa kuutoa. Alikuwa amekuja na kijiko.

Akachukua chupa ya kwanza, akabandua nta kwa kucha, akazungusha kifuniko, akachota kijiko kimoja, akala huku ananitazama. Akafunga. Akachukua ya pili.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa: *acha mwanangu, utaziharibu, moja inatosha.* Nilikuwa nimelirudia neno la Immaculata mbele ya ukumbi mzima, nitasemaje sikulijua? Lakini nilinyamaza. Nilitaka kumwona anakula. Akafungua ya tatu, nikatazama koo lake linavyomeza. Ya nne. Ya tano. Na ninyi mnaosoma mtanisamehe au mtanihukumu, lakini moyo wangu ulikuwa unapoa kwa kila kijiko. Mume wangu alikuwa amekufa na presha haina uso wa kuutazama. Kabula alikuwa nao.

Alipomaliza ya sita akasema, "Umeona, mayu?"

"Nimeona," nikasema. "Asante."

Akaenda akayeyusha nta, akazichovya tena shingo zote sita kwa uangalifu, akaniwekea chini ya kitanda mahali penye ubaridi.

Siku ya tisa, mchana, Marsela alikuwa kwangu tunachambua mchele. Tukasikia kishindo chumbani. Kifuniko kilikuwa kimeruka, na sosi imetapika povu ukutani na kwenye neti, harufu kali kama ya togwa lililolala siku nyingi. Tulipozitoa nyingine zilikuwa zimevimba vifuniko. Tulimwaga zote sita nyuma ya choo.

Marsela akajifuta mikono, akavuka uwanja, akamwomba Kabula amwonyeshe za kwake. Zilikuwa nzima, nyekundu, zimetulia. Akafungua moja, akainusa.

"Sufuria moja?" akauliza.

"Sufuria moja, shangazi," Kabula akajibu.

"Basi mbona za kwako nzima, za mama mkwe wako zimeoza?"

Kabula akaipokea chupa, akainusa naye. Jibu nilikuwa nalo mimi, nimesimama pale na ungo wa mchele, na mara ya pili nikanyamaza. Ningesema nini? Kwamba mimi, mama wa Kikristo mwenye mvi, nilikaa nikamtazama binti wa watu akijiharibia kazi? Nikasema moyoni nitamweleza kesho. Kesho ikaja, nikasema Jumapili. Na Marsela hangoji Jumapili. Alishatuma barua Usevya na dereva wa lori la mpunga, kwamba Machibya aje amchukue mwanawe kabla hajammaliza na mama.

Machibya alifika Jumamosi. Amosi naye alikuwa ametoka Ugalla. Jumapili, baada ya misa, tukakaa uwanjani: Machibya kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti, Amosi kwenye kigoda, hamtazami mtu, Kabula chini kwenye mkeka na Lusia mapajani. Furushi lake lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni.

Marsela alisema yote, kuanzia chakula cha Jumamosi mpaka povu. Hakuongeza uongo hata kidogo, ndio ulikuwa ubaya wake.

Machibya akamgeukia binti yake. "Kabula. Wewe unasemaje?"

"Baba, mimi sijui," Kabula akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno. "Nilipika mara moja. Nilionja zote. Nilikuwa sina baya moyoni. Lakini mzee alikula kwangu akafa, na hizi nimezifunga kwa mkono huu zimeoza. Labda kweli mkono wangu una kitu. Nipeleke nyumbani, nisije nikamdhuru na mtoto."

Akamtoa Lusia mapajani, taratibu, akamweka pembeni kwenye mkeka, mbali na mikono yake.

Mimi nimezaa watoto watano, nimezika wawili, nimemzika na mume. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama kile. Nikasimama.

"Chupa nimeziharibu mimi," nikasema.

Marsela akashtuka. "Wifi, unajua unachosema?"

"Nyamaza Marsela, leo ninajua. Chupa ikifunguliwa haifungwi tena, hewa imeshaingia, inachacha. Immaculata alitufundisha, na mimi ndiye niliyerudia mbele za watu. Kabula hakuwepo siku hiyo. Alipokuwa anafungua zangu anaonja, nilikuwa najua zitaharibika. Zake hazikufunguliwa, ndiyo maana ziko nzima. Mkono wake hauna kitu. Na Thadei alikufa kwa presha, nyie wote mlimsikia daktari, na mimi nilimsikia."

Amosi akainua uso, akanitazama kwa namna ambayo sitaki mwanangu anitazame tena.

Machibya akauliza kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. "Kwa nini sasa, mama? Kwa nini ulimwacha?"

"Nilitaka kumwona anaonja," nikasema. "Nilitaka aonje zote."

Kabula akaniinulia uso. Sauti yake haikuwa ndogo tena.

"Hata ile ya sita, mayu? Hata ya sita ulikuwa unajua?"

"Hata ya sita."

Akasimama, akaingia ndani. Machibya akaishika fimbo yake tayari kuondoka. Sote tulidhani Kabula amekwenda kulichukua furushi, lakini alikuwa amelipita mlangoni akilisukuma kwa mguu. Aliporudi alikuwa na sufuria mkono mmoja na chupa ya sosi mkono mwingine.

"Baba ametoka mbali," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Haondoki na njaa."

Akapika. Tulisikia vitunguu vinaungua kwenye mafuta, kisha dagaa, kisha sosi ilipomiminwa harufu ikajaa uwanja mzima na mate yakanijaa mdomoni, Mungu anisamehe, katikati ya aibu ile. Alitoka na ugali. Akamtengea baba yake, akapiga goti, akamega, akaonja, akasogeza. Akamtengea Amosi vivyo hivyo. Hata Marsela akamtengea, akaonja, akamsogezea.

Kisha akaniletea mimi. Aliiweka sahani mbele yangu akiwa wima. Hakupiga goti. Hakuonja. Akakunja mikono kifuani akasimama pale pale, na kila mtu akaacha kutafuna.

Sikumlaumu. Ameshaonja sita. Mimi ndiye niliyebaki.

Nilinawa, nikamega tonge kubwa, nikalizamisha kwenye mchuzi, nikala. Nikamega jingine. Mchuzi ukanidondokea kifuani, nikaendelea kula. Ilikuwa tamu, pilipili imekaa mahali pake, ndimu inasikika kwa mbali. Nililia, sikujificha, na nilikula mpaka nusu ya sahani. Hapo nikahisi jambo fulani ulimini, nikajaribu kulimeza, nikashindwa. Mimi ni mama mkwe.

"Chumvi imezidi," nikasema.

Amosi akafumba macho. Marsela alibaki ameshika tonge hewani. Hakuna aliyejua kwamba zaidi ya miezi sita nilikuwa na njaa ya kulisema neno hilo. Thadei alipokuwa hai nililisema kila siku ya Mungu, na kila siku Kabula alinijibu. Tangu afe sikuwa na haki ya kulisema, maana aliyekataa chakula hawezi kulalamikia chumvi.

Kabula akaketi kwenye mkeka, akamvuta Lusia akampakata, akamega ugali kwenye sahani yangu, akachovya, akala.

"Haijazidi," akasema. "Na kama imezidi, kesho upike wewe, mayu."

Nikapika.