Kitufe chenye Nyota

Baka halikuwepo.

Kimya alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, akisawazisha kingo za picha mbili za pasipoti za mama mmoja, nakala zilizobaki jana. Ndipo alipoona kwamba chini ya jicho la yule mama ngozi ilikuwa laini, safi kama yai lililomenywa.

Jana yule mama alikuja studio na mtoto wa miaka miwili mwenye ugonjwa wa moyo, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Kila mtoto alipotaka kulia, alinyoosha kidole akagusa baka jeusi chini ya jicho la mama yake, kubwa kama punje ya kunde, kisha akatulia. "Hicho ndicho kitufe chake," mama alisema akicheka. "Akikibonyeza, kilio kinazimika."

Sasa kitufe hakikuwepo, na saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro robo. Saa nne yule mama alikuwa na miadi ofisi ya uhamiaji, mitaa miwili kutoka hapo. Aliisubiri miadi hiyo miezi mitatu, maana mtoto alikuwa akisubiriwa na madaktari wa nje ya nchi. Na tangazo la ofisi ile Kimya alilijua, kila mpiga picha mtaani alilijua: picha iliyobadilishwa sura hairuhusiwi, na aliyeileta ataanza maombi upya.

Miezi mitatu mingine. Midomo ile haikuwa na miezi mitatu.

Akaitupia macho picha iliyofuata, na iliyofuata, na zile zilizotundikwa ukutani. Nyuso zote ziling'aa. Mzee aliyekuwa na nyusi iliyokatika, nyusi imeungana. Msichana wa duka la dawa, chunusi zake zimeyeyuka. Wiki mbili nzima watu walikuwa wakitoka hapo wakisema asante.

"Nyie watu mmenitia matatani," fundi cherehani wa jirani alisema, akiegemea mlango na futi yake shingoni. "Ile picha yangu nimempelekea mke wangu, ananiuliza, huyu kijana ni nani na amelipata wapi shati la mume wangu."

Shangazi yake, mwenye studio, aliyekuwa kwenye kiti chake akifuta kamera, alicheka mpaka akashika goti bovu. "Mshukuru mwanangu hapa. Ndiye aliyeichagua hiyo programu."

"Kimya? Ndiyo maana wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu."

Kimya alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande wa kushoto, ule anaowageuzia watu.

Ni kweli, yeye ndiye aliyeichagua. Kijana wa kompyuta wa studio alipohamia mji mwingine, aliacha programu kubwa ambayo yeye peke yake aliijua. Shangazi akamwita Fundi Waya, mtengeneza kompyuta wa mtaani, naye akaweka programu tatu za kujaribu, akasema, "Binti achague iliyo rahisi kwake." Ya kwanza ilijaa maneno madogo kama sisimizi, na Kimya aliacha shule darasa la nne. Ya pili ilikuwa na michoro: rula ya kukatia, jua la kuongeza mwanga, brashi. Ukibonyeza kitu inakuuliza, ukikosea inakurudisha. Kwa siku moja tu aliizoea. Ya tatu ilikuwa na kitufe kimoja chenye nyota. Unabonyeza, basi, picha inajirekebisha yenyewe.

Alimwambia Shangazi, "Hii ya nyota ndiyo rahisi."

Fundi cherehani alipoondoka, Kimya alikaa kwenye kompyuta. Akaifungua picha ya yule mama, akatafuta mshale wa kurudi nyuma. Haukuwepo. Programu ya nyota ilikuwa imeihifadhi picha mpya juu ya ile ya zamani, kama mtu anayepaka chokaa juu ya maandishi. Akafungua ile ya pili, akachukua brashi, akachora doa jeusi chini ya jicho. Lilionekana kama nzi ametua. Akalifuta, akachora tena dogo zaidi. Halafu wazo likamjia: lilikuwa chini ya jicho gani? Mtoto alinyoosha mkono wa kulia, lakini alikuwa amekaa ameutazama uso wa mama. Au alikuwa amegeuka?

Alikuwa anabuni uso wa mtu.

Saa tatu na dakika kumi.

"Haya," Shangazi alisema nyuma yake, akiinuka taratibu. "Saa sita nina mahafali ya chuo cha ufundi. Ngoja niisafishe kadi nipate nafasi." Kadi ya kamera ilikuwa ndani ya kamera, na ndani ya kadi ile, Kimya alikumbuka kama mtu aliyemwagiwa maji, kulikuwa na picha ya jana kama ilivyopigwa. Shangazi alishaivaa miwani. Kidole chake kilikuwa kinatafuta alama ya kufuta.

Akisema, atafukuzwa. Shangazi hakuwahi kumfukuza mtu, lakini hofu haihitaji ushahidi. Akinyamaza, hakuna atakayejua kosa lilikuwa la nani. Ofisi itasema ni picha, mama atalia, na studio itaendelea kufunguliwa asubuhi.

"Shangazi, ngoja."

Sauti ilitoka ndogo. Kidole hakikusimama.

"Shangazi. Usifute."

Kidole kikasimama.

Akaeleza yote kwa mkupuo, bila kuvuta pumzi: baka, mtoto, miadi, tangazo. Shangazi aliichukua picha kutoka mezani, akaisogeza karibu na miwani, kisha mbali.

"Yesu wangu," alisema polepole. "Huyu si yeye."

"Mikono yangu inatetemeka, Shangazi."

"Itetemeke, lakini ifanye kazi. Mimi macho yangu kwenye kioo hicho yanaogelea. Kaa."

Akakaa. Kadi ikaingia, picha ya jana ikatokea, na baka lilikuwepo, chini ya jicho ambalo yeye hakulichora. Kwa programu ya pili alikata kwa rula, akaongeza mwanga kidogo, hakugusa kingine. Printa ilianza kunguruma kwa uvivu wake wa kila siku. Saa tatu na nusu. Karatasi ikakwama. Shangazi akaichomoa taratibu, akipiga ulimi kama anayembembeleza ng'ombe, na printa ikaanza upya.

Kimya alikimbia na picha zikiwa bado na joto, ameziinua juu zisishikane na jasho.

Ukumbi wa ofisi ulijaa. Migongo, mabegi, bahasha. Jina la yule mama hakuwa amelitazama kwenye daftari la wateja. Akamwona mbele kabisa, mtu wa pili kutoka dirishani, bahasha mkononi. Kati yao palikuwa na watu arobaini ambao wangegeuka kumtazama usoni.

"Mama wa mtoto wa kitufe!" aliita.

Wakageuka wote. Aliona macho yao yakitua kwenye shavu lake la kulia, kama yanavyotua siku zote. Akapita katikati yao bila kulifunika.

Yule mama alizipokea picha, akalinganisha. "Hee," alisema, "na mimi usiku nilijiuliza kwa nini nimependeza hivi." Kisha akaelewa, na kicheko kikakatika. Mtoto, aliyekuwa begani, alinyoosha kidole kwenye picha mpya, akagusa pale pale. Dirishani karani alizitazama picha, akamtazama mama, akazibana kwenye fomu. Akaita anayefuata.

Kimya aliporudi studio, Shangazi alikuwa na daftari la wateja na simu, ameanza kuwapigia mmoja mmoja wote waliopiga picha za vitambulisho wiki hizo mbili. "Mzee wa nyusi anakuja mchana," alisema. Akaweka simu chini. "Keti. Nikuulize kitu, na usinijibu kwa kutikisa kichwa. Ile ya pili unaitumia kama umezaliwa nayo. Mbona ulichagua ya nyota?"

Kimya alitazama sakafu. Alikuwa na miaka mitano sufuria ya uji ilipopinduka kwenye jiko la Shangazi. Tangu hapo, nyumbani maneno yalipita pembeni ya shavu lake kama maji yanavyopita jiwe, na Shangazi mwenyewe, kila alipompiga picha, alimgeuza upande wa kulia uelekee ukutani. Siku ya kujaribu programu, alijipiga picha mwenyewe, uso mzima.

"Ilinifuta kovu," alisema. "Nilimtazama yule msichana wa pichani mpaka ukaniita mara tatu. Nataka kuwa yeye, Shangazi. Kila siku ninapoamka, nataka kuwa yeye."