Jezi Wakati wa Sala

Kocha Yotham alishika jezi kumi na moja ambazo mkewe alizipiga pasi alfajiri. Uwanja wa Nsemulwa ulikuwa umejaa. Upande wa pili timu ya Inyonga ilikuwa ikipasha misuli moto. Atakayeshinda leo atapanda ligi ya mkoa.

"Leo tunawapiga tatu," alisema Makoye, akikaza kamba za viatu. "Mbili zangu. Ya tatu nawaachia nyie."

"Na goti je, Msukuma?" mchezaji mmoja alimtania.

"Goti nimeliacha shambani kwangu Kakese linapalilia. Hapa nimekuja na mguu tu."

Wachezaji wakacheka. Yotham naye alicheka, lakini moyo ulimuuma. Makoye alikuwa na miaka thelathini na tisa. Wiki nzima mazoezini alikuwa akiufikia mpira wakati mpira umeshaondoka. Namba kumi yake ilikuwa imeshapata mtu mwingine, na Makoye hakuambiwa.

Timu hii ilikuwa na desturi yake, waliyoirithi kwa marehemu mwalimu Fabiani, aliyewafundisha mpira Yotham na Makoye ujanani. Wachezaji husimama duara, hufumba macho, na kapteni husali kwa sauti. Wakati huo kocha hupita nyuma yao, akimwekea jezi begani kila atakayeanza. Ikisemwa amina, mwenye bega tupu huenda benchi. Habishi, maana nani abishane na sala?

Yotham aliikumbuka miaka ile: vumbi jekundu, harufu ya dawa ya kuchua, akina mama wakipiga vigelegele kila alipomtoka beki pembeni. Makoye hakuwa na haja ya kumtazama. Alipiga tu pasi, akijua Yotham yupo. Halafu aliikumbuka siku aliyofumbua macho akakuta bega lake tupu, na mwalimu ameshageuka. Mpaka wanamzika, mwalimu hakuwahi kumwambia kwa nini.

"Tusali," alisema Deogratias, kapteni.

Macho yakafumbwa. Yotham akaanza kupita, jezi moja, ya pili, ya tatu. Alipofika nyuma ya Makoye aliona bega limeinuliwa kidogo, linasubiri. Kapteni alikuwa akiomba ulinzi. Yotham aliomba lake kimoyomoyo: Bwana, nimejificha nyuma yako vya kutosha.

"Subiri, Deo. Msiseme amina kwanza."

Macho yote yakafumbuka.

"Makoye, ndugu yangu, leo huanzi. Goti limekuchosha. Nilipaswa kukuambia tangu Jumatatu, nikaogopa."

Makoye alimtazama bila kupepesa macho.

"Ukangoja mpaka Inyonga nzima ifike ndipo uniambie?"

"Nimekosa."

"Umekosa sana." Alivua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba, akavitundika shingoni. "Lakini umesema wewe mwenyewe. Haya, maliza sala yako."

Akaondoka peku, akishika barabara ya Kakese, wala hakugeuka.

Mechi ilikuwa ngumu. Dakika ya sabini na mbili uwanja ulilipuka kwa kelele, watu wakaingia mpaka katikati. Romana, mama anayetunza sanduku la dawa la timu, alimrukia kocha shingoni.

"Bao, kocha! Umeliona bao lile?"

Yotham hakuliona. Alikuwa akiangalia barabara ya Kakese.

"Nani kafunga?" aliuliza.