Mjakaranda wa Wodi ya Wanawake

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wale hata hawakupigana. Walikuja kunywa chai. Mvua ilikuwa haijakatika kwa siku kadhaa, hospitali ina wageni wakubwa, na mkurugenzi akaamuru magari yapandishwe juu ya majani, kando ya wodi ya wanawake, ili wageni wasitie viatu tope. Mtunza bustani alisimama na reki yake akiyatazama matairi yanavyodidimia. Alisema neno lake lile lile lililomfanya kila mtu amwite Mzee Usikanyage. Dereva mmoja akamjibu, "Mzee, sikanyagi mimi, linakanyaga gari."

Wageni wakanywa, wakaenda zao. Yakabaki mashimo ya matairi yaliyojaa maji, na maji hayo hayakuwa na pa kwenda. Juu kidimbwi, chini pagumu kama sakafu. Mjakaranda uliokuwa ukiyakinga jua madirisha ya wodi ukaanza kugeuka manjano, majani yakapukutika katikati ya mvua, vitawi vya juu vikakauka. Mti unakufa na umesimama majini! Mizizi nayo hupumua, na udongo ule ulikuwa umefinywa ukaishiwa pumzi.

Mkurugenzi akaja kuutazama, mikono nyuma. "Mzee, huu umekwisha. Wageni watarudi mwezi ujao. Wakiukuta hivi tunaukata, tunamwaga zege, magari yapate pa kukaa."

"Ni magari hayo hayo yaliyouua, bosi."

"Wewe nawe! Kila kitu lawama."

Lawama asiwe nazo kwa nini? Mkewe alifia kwa dada yake, mbali, wakati yeye akingoja ruhusa ambayo mkurugenzi huyu huyu alikuwa "bado anaiangalia". Aliiangalia mpaka mazishi yakapita. Tangu hapo Usikanyage akirudi nyumbani hana wa kumwekea chai wala wa kugombana naye. Akajiapia: kwa mke wamenizidi, kwa mti hawanizidi.

Kwanza aligeuza bomba lililokuwa likitema maji ya paa shinani. Akachimba mtaro mwembamba kuyatoa yaliyotuama. Kisha akangoja, maana udongo uliolowa chapachapa ukiuchokonoa unazidi kuufinya. Ulipokauka kiasi, akalaza ubao ili asimame juu yake, akachoma uma wa bustani kwenye majani, akautikisa taratibu, ardhi ikainuka kidogo kama kifua cha mtu aliyelala. Karibu na mti alitoboa kwa mtaimbo, akipapasa kwanza asije akajeruhi mizizi. Mashimo mengine yalitoa harufu ya yai viza. Yote akayajaza mchanga wa chenga na mboji, akatandaza juu vipande vya matawi, mbali kidogo na shina. Mwisho akapigilia vigingi, akazungusha kamba. Ardhi ukishaifungua, mtu mmoja akiikalia kila siku inajifunga tena.

Na mtu huyo alikuwepo. Alikuwa kinyozi, mkewe amelazwa wodi ile. Kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza mkurugenzi alikuwa ameifunga wodi, jamaa wanapokewa chakula mlangoni na kuambiwa waende. Wengine walikwenda. Kinyozi aligeuza ndoo yake kichwa chini, akaketi chini ya mjakaranda, pale pale, kutwa nzima, kila siku.

"Kamba huioni, bwana?"

"Naiona, mzee wangu. Nimeiinua vizuri, nimeirudisha vizuri."

"Usikanyage."

"Sijakanyaga. Nimekaa."

"Makalio nayo yana uzito. Toka!"

Kinyozi akacheka. "Mzee wangu, sote vinyozi, wewe wa majani, mimi wa vichwa. Mwenzako unamfukuza?"

"Mteja wako akiwa na kidonda kichwani, utamkalia?"

Kicheko kikaisha. "Niache hapa pembeni tu. Sitasogeza hata mguu. Nina sababu yangu."

"Kila mtu ana sababu yake. Hata wenye magari walikuwa nayo."

Hakumwuliza ni sababu gani. Alinyanyua ndoo mwenyewe, akaipeleka upande wa pili wa jengo, kwenye benchi la dirisha la dawa, na kinyozi akaifuata.

Mvua zikarudi. Safari hii maji yalizama. Asubuhi moja akaona machipukizi kwenye tawi la chini, mabichi kabisa, akayatazama mpaka shingo ikamuuma, asiwe na wa kumwita aje aone.

Ni hapo sista wa wodi alipotoka. "Mzee Usikanyage, yule bwana wa ndoo kaenda wapi?"

"Yupo kwenye benchi la dawa. Nilimhamisha. Kwani vipi?"

"Kumbe ni wewe!" Sista akajishika kiuno. "Mkewe yuko kitanda cha dirishani. Kuinuka hawezi, lakini akigeuza shingo alikuwa anamwona mumewe hapa. Alikuwa anakunywa uji huku anamtazama. Tukamwambia mumeo yupo, kahamia upande wa pili. Akasema, 'Na ninyi mmeanza kunidanganya.' Sasa amegeukia ukutani. Uji hataki, dawa hataki."

Usikanyage alikimbia, na umri ule. Alimshika kinyozi mkono, ndoo mkono wa pili, akaipiga teke kamba na kigingi chake. "Kaa! Kaa hapa! Kanyaga popote!"

Kinyozi alikaa. Akapunga mkono dirishani. Akapunga tena. Ndani, sista alionekana ameinama juu ya kitanda, anabembeleza bega lisilotaka kugeuka. Kinyozi aliendelea kupunga mpaka giza likaingia, na Usikanyage amesimama nyuma yake, juu ya udongo alioulainisha kwa mikono yake, hasogei.

Mama yule hakuiona asubuhi.

Wageni waliporudi, mkurugenzi aliwapeleka kwenye mti. "Tumejitahidi," alisema, wakapigwa picha.

Siku hiyo hiyo kinyozi alikuja kuchukua nguo za marehemu. Usikanyage alikuwa amejiandalia maneno: aliyeleta magari ni mkurugenzi, aliyefunga wodi ni mkurugenzi. Kweli tupu, kila neno. Lakini kamba aliifunga nani?

"Mti wako umerudi vizuri, mzee wangu," kinyozi alisema.

"Pita hapa katikati, bwana. Utafika getini upesi."

"Sina haraka tena," kinyozi akamjibu, akazunguka kwa nje, kwenye njia ya zege, mfuko wa nguo begani.