Fisi wa Ndoo na Madumu

Jumatatu moja ya mwezi Juni, saa moja na nusu asubuhi, fisi alipigwa marufuku rasmi. Tangazo lilisomwa mstarini na mkuu wa shule mwenyewe, Mwalimu Januarius, akiwa ndani ya ile suti ya kijivu anayoitoa kwa misiba na mahafali tu. Wanafunzi mia tatu na ushee wa shule ile ya bweni, nje kidogo ya Bariadi, walisikiliza kwa majonzi yanayostahili.

"Kuanzia leo," alisoma, "timu ya shule hii haitaitwa Fisi, haitachorwa fisi, wala haitashangiliwa kwa sauti ya fisi."

Mtu mmoja wa safu ya nyuma alilia kama fisi. Uchunguzi ulifanyika. Mtu huyo hajapatikana mpaka leo.

Nyanjige Ngassa wa kidato cha tatu hakulia wala hakucheka. Alitazama viatu vyake. Fisi aliyepigwa marufuku alikuwa wa kwake.

Jina la Fisi timu ililipata mwaka juzi. Ilialikwa kucheza upande wa Nyashimo, wenyeji wakapika wali wa timu mbili, na timu ya kwanza kufika mezani ikaumaliza wote. "Mafisi nyie!" wenyeji walipiga kelele. Timu nyingine ingeona aibu. Maige, nahodha, alishuka kwenye basi akatangaza shuleni kwamba wamefungwa mabao mawili lakini wamerudi na jina. Jina likakaa.

Uso wa jina hilo ndio kazi ya Nyanjige. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine sita, nne kati yake zikiwa marehemu. Katika moja ya zile mbili zilizobaki kulikuwa na programu ya kupangia hesabu kwenye majedwali, na Nyanjige, badala ya kuandika namba katika vile vyumba vya jedwali, alivijaza rangi. Kimoja njano, kimoja cheusi, vitatu njano. Ukikaa karibu unaona visanduku tu, kama sakafu ya vigae. Ukirudi nyuma hatua tano, visanduku vinaungana na mnyama anakutazama. Picha za namna hiyo huitwa picha za pikseli, na alizijua kutoka kwenye michezo ya simu ya zamani ya kaka yake. Umeme ulipokatika alihamia kwenye karatasi za grafu, ambazo hazikatiki.

Alimchora fisi mmoja tu, yule aliyemwona kwao Migato alfajiri moja, kando ya zizi. Watu walipiga kelele na kurusha mawe. Fisi hakukimbia. Aliwatazama kwanza, mmoja mmoja, kisha akaondoka kwa wakati wake. Jicho lile ndilo Nyanjige alilihangaikia mwezi mzima, mpaka akaliweka katika kisanduku kimoja cheusi, safu ya nne kutoka juu. Baada ya hapo fisi alienea mwenyewe. Wasichana walimchora nyuma ya madaftari, wavulana walimkwaruza kwenye sahani za bati. Na Nyanjige, ambaye tangu kidato cha kwanza alijulikana kama "yule wa Migato", akaanza kuitwa kwa jina lake.

Sababu za marufuku zilikuwa mbili, moja ya kiroho na nyingine ya jezi. Mzazi mmoja aliandika barua kwamba fisi ni kipando cha wachawi, na kwamba yeye hakumleta mwanawe shuleni aje kupandwa. Wiki hiyohiyo kampuni ya mafuta ya kula iitwayo Pambasafi ikaahidi jezi mpya, kwa sharti kwamba kifuani akae Kapamba. Kapamba ni tumba la pamba lililochanua, lenye miwani ya jua, glovu nyeupe na meno mengi kuliko mahitaji. Alikuwa amekwisha kupakwa kwenye kila ukuta wa duka kutoka Lamadi hadi Bariadi, akicheka, na hakuna aliyewahi kujua anacheka nini.

Baada ya mstari Nyanjige aliitwa ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Keti. La, simama." Mwalimu Januarius aliweka mezani karatasi ya grafu. Ilikuwa ya Nyanjige; aliipeleka mwenyewe wiki mbili nyuma, akiomba ruhusa. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Siku ya mechi, wanafunzi mia mbili themanini na wanane wangesimama kwenye tuta la uwanja, safu kumi na sita za watu kumi na wanane, kila mmoja akiinua ndoo au dumu la rangi yake, na mtu wa upande wa pili wa uwanja angeona picha.

"Ufundi ni mzuri," alisema mkuu. "Mnyama ndiye mbaya. Jumamosi mgeni rasmi ni meneja wa Pambasafi. Utamtoa huyu, utamweka Kapamba."

"Kapamba hana uhusiano na sisi, mwalimu."

"Ana uhusiano na jezi."

"Jezi tunazo."

"Zina matundu!"

"Matundu ni yetu, mwalimu."

Mwalimu Januarius alivua miwani, akaifuta. Alisema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha Nyanjige. "Nikimwona huyo fisi Jumamosi, hata mkia wake, utakwenda Migato na barua."

Nyanjige alijua maana ya barua. Siku alipomleta shuleni, baba yake alimwambia mbele ya geti: "Barua ya kwanza kutoka hapa ndiyo ya mwisho. Ukirudishwa, umerudi." Mzee Ngassa hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

"Nimeelewa, mwalimu," alisema. Alikuwa ameelewa kweli.

Usiku huo hakuna lililofanyika, kwa sababu Nyanjige alilala. Kazi ilifanyika mchana kweupe, wakati wa kufua, yeye na rafiki yake Violeth wakikata vikaratasi.

"Kapamba ni rahisi," Violeth alisema. "Nyeupe tunazo ndoo za rangi za nyumba. Miwani, ndoo nyeusi. Majani, kijani. Nyuma bluu." Aligeuza kikaratasi kimoja. "Mbona unaandika pande zote mbili?"

"Karatasi ni chache."

"Bebe, wewe Nyanjige! Upande huu 'safu ya saba, nafasi ya tano, nyeupe.' Upande huu 'safu ya kumi, nafasi ya pili, njano.' Njano ya nini? Kapamba ana njano wapi?"

Nyanjige aliendelea kukata. Njano ndiyo rangi isiyoweza kukosekana katika bweni lolote, maana kila mwanafunzi huchota maji kwa dumu la njano la mafuta yaliyokwisha. Mengi ya madumu yale yalikuwa ya Pambasafi.

"Baba yako atakuweka nyumbani," Violeth alisema, sasa kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Kwa fisi?"

"Yule Kapamba, akisimama pale Jumamosi, watu watasema ndiye sisi. Na mimi ndiye nitakuwa nimemchora." Alikunja kikaratasi. "Nipe mkasi."

Violeth alimpa mkasi. Kisha akaomba nafasi ya jicho.

Alhamisi palikuwa na mazoezi. Mwalimu Januarius alisimama katikati ya uwanja, ndoo zikapanda, na Kapamba akatokea juu ya tuta, mweupe, mkubwa, meno yote mahali pake. Mkuu alipiga makofi peke yake kwa muda mrefu. Alisema shule imekomaa. Wanafunzi mia mbili themanini na wanane waliinamisha vichwa kwa unyenyekevu, na kila mmoja alikuwa na kikaratasi mfukoni chenye upande wa pili.

Jumamosi saa kumi alasiri watu wa Bariadi walijaa upande wa mashariki, jua likiwapiga usoni. Upande wa magharibi, chini ya tuta, palikuwa na turubai, viti vyenye vitambaa, maji ya chupa na meza kuu, kwa sababu mgeni rasmi hapigwi na jua. Hakuna shughuli mkoani ambapo meza kuu huwekwa juani. Ndiyo maana hakuna aliyefikiria kwamba mgeni rasmi atakuwa ameipa picha yake kisogo.

Nyanjige alisimama pembeni na kitambaa chekundu mkononi. Alihesabu mpaka tatu, akakiinua.

Vikaratasi viligeuzwa. Watu wakahama kimyakimya kama wanaokwenda kupokea sakramenti. Ndoo na madumu vikapanda.

Kisha upande wa mashariki ulilipuka. Vigelegele, filimbi, kofia hewani, wazee wakigonga fimbo chini. Bwana Sylvester, meneja wa Pambasafi, alifurahishwa na mapokezi hayo, akasimama kupunga mkono. Mwalimu Januarius naye akasimama akapunga. Juu ya vichwa vyao fisi wa njano mwenye madoa meusi alisimama ukubwa wa nyumba, ulimi nje, akiwatazama watu mmoja mmoja.

"Mkuu," Bwana Sylvester alisema huku bado anapunga, "mimi ni Msukuma. Mbona wanaita *mbiti*? Mbona wanamwita fisi?"

Mkuu aligeuka. Aliona ndoo. Aliona dumu, dumu, ndoo, dumu, na nyuma yake vidole vya wanafunzi. Kwa karibu namna ile hapakuwa na kitu kingine cha kuona. Akatoka chini ya turubai, akarudi nyuma hatua tano. Akarudi kumi. Aliingia uwanjani kinyumenyume, suti ya kijivu juani, wachezaji wakimpisha, mwamuzi akiwa ameishikilia filimbi yake, mpaka kisigino kikafika kwenye duara la katikati. Hapo akamwona.

Maige, nahodha, aliyekuwa kando yake, alimsaidia kwa adabu. "Ni fisi, mwalimu."

Mwalimu Januarius alipanda tuta akihema. "Shusheni!"

Hakuna dumu lililoshuka. Hawakuwa wakaidi, kama walivyoeleza baadaye kwa maandishi. Walikuwa wameagizwa wafuate kitambaa.

"Nyanjige! Shusha kitambaa."

"Mpaka mpira uanze, mwalimu."

"Unajua nilikuambia nini."

"Najua, mwalimu. Barua."

Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka, lakini ilitoka. Mkuu alimtazama, kisha akafanya lile ambalo mtu aliyeiona picha kutoka katikati tu angejua kulifanya. Alipenya mpaka safu ya nne, akamkuta Violeth, akamnyang'anya ndoo nyeusi na kumtoa kwa mkono.

Upande wa mashariki uliguna kwa pamoja. Fisi alikuwa amepofuka. Pale palipokuwa na jicho palibaki tundu lenye shati la Violeth, naye akishushwa tuta huku anageuka nyuma.

Nyanjige alichomeka kitambaa ardhini, kwenye kijiti, kikasimama chenyewe. Akapanda tuta. Watoto wa kidato cha kwanza walimpisha bila kushusha mikono. Akafika mbele ya mkuu, karibu kabisa.

"Naomba ndoo yangu, mwalimu."

"Yako?"

"Nilimwazimisha Violeth. Jina langu liko chini."

Mwalimu Januarius aligeuza ndoo. Jina lilikuwepo, kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wa mzee asiyezoea kuandika: NYANJIGE NGASSA, MIGATO. Aliikazia macho kwa muda. Ng'ambo ya uwanja mji mzima ulikuwa ukimsubiri, na Bwana Sylvester alikuwa ameondoka kwenye meza kuu, anatembea juani kwenda upande wa mashariki ili naye aone.

"Barua nitaiandika leo," mkuu alisema. "Utaondoka kesho na basi la kwanza."

"Sawa, mwalimu."

Akampa ndoo.

Nyanjige aliingia katika nafasi ile, safu ya nne kutoka juu, akaiinua ndoo kwa mikono miwili mbele ya uso wake. Kutoka hapo hakuona kitu. Aliona weusi wa plastiki na ukoko wa sabuni. Mabega yalianza kumuuma papo hapo. Akasikia kelele zikipanda upande wa pili, kubwa kuliko za kwanza, na filimbi ya mwamuzi, na mtu jirani yake akinong'ona, "Inua kidogo kushoto." Akainua kidogo kushoto.