Picha za Jangwani za Elysée

Wamama munaofurahia picha za watoto walio mbali, sikieni ya Martine, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la Kadutu.

Kijana wake Elysée alitoka Bukavu kutafuta Ulaya kwa njia ya jangwa. Kila juma alituma picha kwenye simu: barabara nyoofu kama uzi, mchanga mwekundu huku na huku, mawe yamesimama peke yao kama ng'ombe waliosahauliwa. Na yeye Elysée katikati, shati nyeupe, meno yote inje. Martine alizunguka nazo meza kwa meza. Huku kwetu mvua inashusha mulima pamoja na nyumba. Barabara isiyo na tope ilikuwa kama paradiso.

"Hata muti moja hakuna!" akacheka Agathe, jirani yake wa meza. "Kuni wanatoa wapi?"

"Kule hawapike na kuni, wee mushamba!"

Ariane, binti wa Agathe, hakucheka. Aliangalia zile picha mpaka simu ikazimika. Martine ndiye aliyemshika siku ya ubatizo; ni marraine wake. Kwa hiyo Agathe akamwambia binti: "Kama unataka kumufuata Elysée, mimi sina neno. Marraine wako ndiye atasema."

Kesho yake saa sita, Martine akisonga fufu, ugali wa muhogo, simu ikalia.

"Maman, cheka," Elysée alisema. "Cheka tu. Wale walionikamata wako hapa pembeni, hawasikie Kiswahili, lakini ukilia watajua. Zile picha wananipigisha. Wananivalisha shati, wananisimamisha barabarani. Tukimaliza wananivua na kunichapa na waya. Nikileta mutu moja, wananiachilia. Ariane aliniandikia. Anangoja neno lako."

Martine alicheka, machozi yakimwingia mdomoni. "Ariane? Mutoto nilimushika kwenye maji ya ubatizo?"

"Mimi ulinizaa, maman."

Simu ikakatika. Fufu ikaungua.

Alasiri Ariane akafika, akapiga magoti mlangoni.

"Marraine, njia iko muzuri? Uniambie kweli."

Martine aliuona akilini mgongo wa Elysée, waya ukishuka juu yake.

"Njia iko muzuri, mutoto wangu. Si uliona picha na macho yako?"

Akamchora msalaba kwenye paji la uso, vile marraine anafanya.

Ariane akaondoka. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia, ndipo Elysée akapiga simu.

"Wamekuachilia?" Martine aliruka.

"Ariane alifika, maman. Wanacheka. Wanasema mwanamuke wanamutumikisha kazi ingine, yeye hahesabiwe. Wanataka mwanaume."

Martine hakumwuliza kazi gani. Hakulia pia. Alifunga kitenge chake vizuri, akarudi sokoni. Agathe alikuwa anafukuza nzi juu ya sambaza, anaimba wimbo wa kanisa.

"Dada yangu," Martine alimwambia, akisogeza kiti karibu, "yule kijana wako Blanchard, siku hizi anafanya nini?"