Kumbikumbi wa Mwezi wa Nne

Miezi minane ilikuwa imepita tangu Phanuel Shitanda astaafu na kurudi nyumbani Malava, na bado mvua ilikuwa ikimtoa kitini kila siku. Ikikaribia saa tisa alasiri aliacha chochote alichokuwa akifanya, akasimama barazani mikono kiunoni, akalitazama wingu likipanda kutoka upande wa msituni. Mvua aliisikia kwanza kwa mbali, juu ya miwa ya majirani, kisha kwenye migomba, kisha ikamwagika yote kwa pamoja juu ya mabati yake mwenyewe.

"Nanjala! Imefika!"

"Nimesikia, Baba Sydney," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Na jana ilifika. Na juzi pia ilifika."

Nanjala alikuwa na haki ya kuizoea. Yeye alikaa na mvua hiyo miaka yote, akilea watoto na kulima mahindi, huku mumewe akizunguka nchi kavu na mtambo wa kuchimba visima. Phanuel alikuwa fundi wa mtambo huo kwa miaka thelathini na minne. Alitoboa ardhi ya Lodwar na Marsabit, Wajir na Moyale, akavuka mpaka hadi Kapoeta. Alilala hemani, alilala chini ya lori, na siku nyingi alioga kwa kikombe kimoja. Nyumbani alikuja Krismasi, na Krismasi huwa ni kiangazi.

Kwa hiyo sasa kila kitu kilikuwa kipya kwake. Alikunywa maji bila kuyanusa kwanza. Alitembea peku kwenye nyasi zenye umande kabla ya chai, akirudi na miguu imelowa na uso umekunjuka. Alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili anayekuja mbio kutoka shambani kumwonyesha mkewe konokono. Na mvua ilipopiga mabati kwelikweli, alimpigia simu Ochieng, aliyekuwa msaidizi wake na ambaye bado yuko kazini Lodwar, akainua simu juu kuelekea paa.

"Unasikia?"

"Wewe ni mtu mbaya sana," Ochieng alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ngoja, usikate."

Mwezi wa nne mvua ilizidi. Ilinyesha siku tatu mfululizo, na siku ya nne, Jumamosi, asubuhi ikatoka na jua kali, ardhi ikifuka mvuke. Phanuel alikuwa akizunguka shamba lake kama kawaida, akiangalia hiki na kile, alipofika pembeni kabisa, karibu na ua wa jirani, penye kichuguu cha marehemu baba yake. Akainama. Upande mmoja wa kichuguu palikuwa na vitundu vipya, kama ishirini hivi, udongo wake bado mbichi. Katika kila kitundu mchwa askari mwenye kichwa chekundu alikuwa akichungulia.

Kumbikumbi! Mara ya mwisho kula kumbikumbi wabichi, wa moto kutoka ardhini, alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Baada ya hapo kila msimu ulimkuta jangwani. Mama yake, alipokuwa hai, alimtumia waliokaushwa ndani ya kopo la kahawa, nao wakamfikia baada ya mwezi, wakinuka dizeli.

Alikimbia. Ndiyo, alikimbia, akamkuta Nanjala akianika nguo.

"Nipe blanketi."

"Unaumwa?"

"Nipe blanketi zote za zamani! Kichuguu cha mzee kinafunguka!"

Nanjala alitaka kusema jambo, akamtazama usoni, akaenda kuleta blanketi.

Alifanya kama alivyokumbuka kuona utotoni. Alikata fito, akazipinda juu ya vile vitundu kama kibanda kidogo, akafunika kwa blanketi mpaka ndani pakawa giza. Akaacha mlango mmoja wa mwanga, na mbele ya mlango huo akachimba shimo la kina cha mkono na kulitandika majani ya mgomba, ili kumbikumbi wakifuata mwanga waangukie humo. Kisha akatwaa kipande cha bomba na nyundo, akaanza kugonga ardhi ili wadhani mvua imekuja.

Aligonga kwa nguvu, kwa mapigo ya sawasawa, kama mtambo wake ulivyogonga mwamba. Aligonga hadi saa sita. Aligonga hadi saa nane. Shati likamganda mgongoni. Askari wale wenye vichwa vyekundu waliingia ndani mmoja mmoja, na vitundu vikaanza kuzibwa kwa udongo kutoka upande wa ndani.

"Nani huyo anagonga kama polisi?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Alikuwa Mama Wekesa, mjane wa binamu yake. Jina lake la kwao ni Jepkemboi. Aliolewa hapo kutoka upande wa Nandi, na alikuwa sasa mwanamke wa makamo mwenye macho makali na kitambaa cha kijani kichwani. Mkononi alishika karai tupu.

"Ni mimi, shemeji," Phanuel alisema akipumua kwa shida. "Naita kumbikumbi."

"Unawafukuza. Hizi huwa zinatokanga saa kumi, jua likishalainika. Na haziitwangi na nyundo. Toka nikuonyeshe."

Labda ni uchovu, labda ni aibu ya kukutwa hivyo. Phanuel alinyooka, akasema, "Asante, shemeji, lakini hiki kichuguu ni cha baba yangu. Nitakiweza."

Mama Wekesa alimtazama kidogo, akalitazama karai lake, akageuka akaenda zake.

Nanjala, aliyekuwa amesikia yote, alingoja mpaka mumewe amekaa chini.

"Sasa umefanya nini?" alimwuliza. "Huyo mama ndiye ameita kumbikumbi wa hapa miaka kumi na tisa. Mama yako ndiye alimfundisha. Alipoumwa miguu, akamwambia mbele yangu, 'Jepkemboi, kichuguu sasa ni chako, usikiache kilale.' Na wale uliokuwa unaletewa kwenye kopo, unafikiri nani alikuwa anawashika? Mama hakuwa anaweza kuinama."

Ile mvua ya saa tisa ilipokuja Phanuel hakusimama barazani. Alikaa ndani, akiwaza vile vikopo vya kahawa vilivyosafiri kilomita zile zote, na yeye akavifungua kando ya moto kule jangwani bila kujua ni mkono wa nani.

Jumatatu asubuhi alivuka ua. Mama Wekesa alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, na hakuacha kuchambua.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Nilisema vile kama mtu asiyejua. Na kweli nilikuwa sijui. Nanjala ameniambia juu ya mama, na juu ya vile vikopo."

"Ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa namaliza siku hiyohiyo. Ochieng nilikuwa nampa kumi tu, nikimhesabia."

Mama Wekesa akacheka, na ungo ukatikisika. Alipocheka, macho yale makali yalipotea kabisa. "Basi kesho, kama jua litatoka," alisema. "Lakini nyundo uache nyumbani."

Jumanne jua lilitoka. Phanuel hakuweza kula mchana. Saa tisa na nusu Mama Wekesa alikuja na karai, sufuria mbili, gogo kavu lenye urefu wa mkono na vijiti viwili vyembamba. Alikizunguka kichuguu mara mbili, akagusa udongo, akatazama mbingu, akatikisa kichwa.

"Hapana. Vitundu wameziba. Uliwatisha. Labda wiki kesho."

Phanuel alihisi kama mtoto aliyeambiwa safari imeahirishwa. Lakini alikuwa amekaa na ardhi miaka mingi mno kukata tamaa kirahisi. Alikwenda stoo, akarudi na ule ufito wa chuma alioutumia kazini, mwembamba, mrefu kama yeye. Aliuchomeka taratibu ubavuni mwa kichuguu, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ncha ya nje. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisikiliza mashimo yake. Kwa njia hiyo alijua mchanga, alijua mwamba, alijua maji kabla hajayaona.

"Unafanya nini?" Nanjala alinong'ona.

Akainua mkono wanyamaze. Upande ule wa vitundu vya zamani, kimya. Akauchomoa ufito, akauchomeka upande wa pili, ulioelekea migomba. Akasikiliza. Macho yakamtoka.

"Wapo," alisema. "Mungu wangu, wapo wengi! Wanakwaruzana kama watu wanaosukumana mlangoni. Shemeji, njoo usikie!"

Mama Wekesa alipiga magoti kwa mashaka, kitambaa chake cha kijani kikagusa chuma. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akaruka juu kama msichana.

"Hamisha blanketi! Haraka! Nanjala, majani!"

Wote watatu walifanya kazi bila kusema, wakigongana mabega. Fito zikahamishwa, shimo jipya likachimbwa kwa jembe, majani ya mgomba yakatandikwa. Mama Wekesa alilaza gogo lake juu ya ardhi, akakaa chini miguu imenyooka, akaanza.

Hakugonga. Aliyadondosha mapigo, moja, kisha mawili, kisha moja, hafifu, bila mpango, kama mvua inavyoanza kwenye jani kabla haijajua kama itanyesha. Kisha vijiti vikakaza mwendo kidogo, vikapungua, vikakaza tena. Na chini ya sauti hiyo aliimba polepole, akiwaita kama wageni waliochelewa: tokeni, nje pamelowa, tokeni, jua linawangoja.

Phanuel alikuwa na sikio kwenye chuma. "Wanapanda," alisema. "Wanapanda, wanapanda. Wako karibu. Shemeji, usiache!"

"Nani anaacha?"

Ardhi ilipasuka kitundu kimoja, kisha vitano, kisha hapakuwa na haja ya kuhesabu. Walianza kutoka wachache, wakitembea juu ya majani na mabawa yao marefu yamelowa, kama watu waliotoka usingizini. Halafu wakaja kwa kishindo. Walibubujika kama maji yanavyobubujika kisimani bomba linapofika yalipo, na Phanuel, aliyeona maji yakitoka namna hiyo mara mia mbele ya watu waliopiga vigelegele, alijikuta yeye ndiye anapiga kelele.

"Ayayaya! Angalia! Nanjala, angalia!"

"Acha kuangalia, shika sufuria!"

Shimo lilijaa. Wakachota kwa mikono, wakamimina karaini, shimo likajaa tena. Waliopenya pembeni mwa blanketi walipaa, na kila bawa lilishika jua la saa kumi, mpaka hewa yote juu ya migomba ikawa inameremeta. Ndege wakashuka, mwewe wawili na mbayuwayu wasiohesabika. Kuku wa Mama Wekesa wakapita chini ya ua wakikimbizana. Kumbikumbi walimwingia Phanuel shingoni na ndani ya mikono ya shati, naye akacheka kwa kutekenywa, akashika mmoja, akamng'oa mabawa, akamtia mdomoni akiwa hai.

Alifumba macho. Mafuta, na utamu kidogo kama wa karanga mbichi, na harufu ya udongo uliopata mvua. Miaka thelathini na mitano.

"Vipi?" Mama Wekesa aliuliza, vijiti vikiendelea kudondosha mapigo.

Phanuel alimng'oa mwingine mabawa, akamlisha Mama Wekesa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

Jioni hiyo Nanjala aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi tu, akasonga obusuma, ugali wa kwao, na wote watatu wakala jikoni karibu na moto. Waligawana sawa: karai kwa Mama Wekesa, sufuria mbili kwa nyumba ya Phanuel, na kopo moja Nanjala aliliweka kando la kumpelekea Ochieng. Phanuel alisimulia tukio zima tangu mwanzo, ingawa wote walikuwepo, na hakuna aliyemkatiza. Alipofika mahali pa kusikiliza chuma, Mama Wekesa alimsaidia kwa mikono kuonyesha jinsi yeye alivyoruka.

Aliponyanyuka kwenda kwake, karai kichwani, alisimama mlangoni.

"Kuna kichuguu cha jirani Joash, kule mtoni," alisema. "Ni kikubwa kuliko hiki, lakini kinadanganyanga watu. Kila mwaka tunaweka blanketi upande mmoja, zinatokea upande mwingine, tunabaki kuangalia. Alhamisi kitakuwa tayari. Kuja na chuma yako."

Phanuel alisubiri mpaka nyayo zake ziishe nje. Kisha akaanza kuzunguka jikoni, kutoka mlangoni hadi dirishani, akisugua viganja.

"Keti ule," Nanjala alisema. "Hujamaliza."

Akaketi. Akasimama tena. "Alhamisi ni lini?"

"Ni keshokutwa, Baba Sydney."

"Keshokutwa!" alisema Phanuel Shitanda, mtu aliyewahi kungoja lori la vipuri siku arobaini huko Moyale bila kunung'unika. "Mbali hivyo?"