Ushuhuda wa Sponji

Mutisya alikuwa na ugonjwa mmoja ambao maabara yao pale Kitui haikuwa na dawa yake, nao ni mdomo.

Sikia alichofanya. Kazi yake ni kutengeneza sponji za hariri, ndogo kama punje ya mahindi, kisha anaziwekea seli za mfupa. Seli zikiipenda sponji zinaishika, zinajinyoosha, zinaongezeka, na siku moja, Mungu akijalia, sponji kama hiyo itaziba pengo kwenye mfupa wa mtu uliokataa kuunga. Ijumaa moja akachungulia kwenye hadubini akaona seli zimejaa makundi makundi. Mtu mwenye akili angerudia jaribio. Mutisya alipanda gari akaenda kwao Kathonzweni, na Jumapili akasimama kanisani.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Nimekuja na ushuhuda. Bwana ametupatia mfupa!"

Wuui! Kanisa lilisimama. Akina mama wakapiga vigelegele, Mchungaji Nzioka akatoa leso akajifuta machozi, na Mutisya, ambaye hajawahi kuunga hata mfupa wa kuku, akarudi kwa kiti chake akiitwa daktari. Aliipenda sana hiyo sauti.

Jumatatu akazipaka zile seli rangi akazitazama tena, safari hii bila haraka. Seli ikipenda mahali hujilaza bapa kama chapati kwenye kikaango. Hizi zilikuwa zimejikunja mviringo, zimekumbatiana zenyewe kwa zenyewe, hariri hazijaigusa. Akadondosha maji juu ya sponji tupu. Tone likabingirika, likaanguka mezani. Alikuwa amezikausha sponji kwa spiriti kupita kiasi, kwa sababu alitaka ziwe ngumu, nyeupe, za kupigwa picha, na sasa hata maji hayazitaki. Makundi aliyoyaona yalikuwa ya seli zilizokosa pa kushika. Zilikuwa zimemkataa, na yeye alikuwa amemshukuru Mungu kwa kipaza sauti.

Angenyamaza tu, maana kunyamaza baada ya kuharibu alikujua. Lakini jioni hiyo mamake akapiga simu. Anti Kavata, dada ya babake, alivunjika muundi wa mguu mwaka jana na mfupa ukakataa kushikana. Alikuwa atiwe chuma cha kuushikilia Jumatano ya wiki ijayo. Sasa amewaambia hospitali haji.

"Anasema anangoja mfupa wako," mamake akasema. "Na huo mguu umeanza kupinda, Mutisya."

Mfupa wake haungefika kwa mtu hata miaka kumi ijayo, na Anti Kavata akiungoja atapoteza mguu.

Jumapili akasimama tena kanisani.

"Ule ushuhuda nilitoa," akasema, "naurudisha. Seli hazikushika."

"Amen!"

"Hapana, msiseme amen. Nilijidanganya."

"Haleluya!"

Mchungaji akatangaza kwamba adui anataka kumvunja daktari moyo. Wazee wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakakemea roho ya kukata tamaa mpaka jasho likawatoka. Mutisya, shingo ikimuuma, akawaza kwamba seli zake zingekamata sponji hivi angekuwa profesa zamani.

Akaenda moja kwa moja kwa Anti Kavata. Alimkuta uani, mguu juu ya kigoda, akichagua mawe kwenye ndengu.

"Anti, hakuna mfupa. Nilijisifu tu. Tafadhali nenda utiwe chuma. Ukiningoja mimi, huo mguu utakatwa."

Akangoja kugombezwa. Alikuwa amejiandaa hata kulia.

Anti Kavata akatupa kijiwe. "Kwani nani alikuamini?"

"Hukuniamini?"

"Mutisya, wewe ulishindwa kuunga mguu wa hiki kiti nimekalia." Akaacha kuchagua. "Mimi naogopa kisu. Naogopa nilazwe, nidungwe hiyo dawa, nisiamke. Nikaambia wale madaktari nangoja mfupa wako. Nani angenigombeza, na kanisa yote imesema amen?"

Mutisya akaketi chini kando yake. Wiki nzima alikuwa amejilaumu kwa dhambi kubwa, kumbe hata hiyo alijipa cheo kisicho chake. Tangu mguu uvunjike alikuwa amemweleza huyu mama habari za seli mpaka akasinzia, na hakuwahi kumuuliza kama anaogopa. Hilo ndilo lilimuuma.

"Nikienda na wewe?" akauliza.

"Mpaka mlangoni?"

"Mpaka pale watanifukuza."

Bahati nzuri, hospitali haikuwa imempa mtu mwingine nafasi yake. Jumatano asubuhi wakamsukuma Anti Kavata kwa kitanda cha magurudumu, Mutisya akitembea kando. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji muuguzi akasema basi, huyu abaki. Anti Kavata hakumwachilia. Alikuwa ameshika vidole vya Mutisya kwa nguvu zake zote, vimekuwa vyeupe, vinauma vibaya sana.

"Mama, mwachilie sasa," muuguzi akasema.

Mwaka mzima hakuna kitu chochote kilichokubali kushika alichotengeneza Mutisya. Akamwomba muuguzi angoje kidogo.